Asubuhi kiboko, jioni muwa: nifanye nini?

Ndugu mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mkoani Morogoro. Naomba wasomaji, hasa walimu, mnishauri kuhusu mwanangu wa pili aliye darasa la tano.

Tulihamia hapa Januari kumfuata baba yao kazini. Upimaji wa darasa la nne alipata A ya hisabati. Mtihani wa mwezi wa tatu akarudi na 22, wa nusu muhula 18. Nikadhani ni ugeni tu. Siku moja nilipeleka mchango wa chakula, nikasimama dirishani. Watoto 112, wengine chini sakafuni. Ubaoni 1/2 + 1/3. Anayeinuliwa akikosa, kiboko kimoja cha mkono. Mwanangu, ambaye nyumbani hanyamazi, alikuwa amejikunyata nyuma ya mwenzake asionekane. Daftari lake ni safi kabisa, maana ananakili ubaoni na kusubiri kengele.

Kinachonichanganya ni hiki. Mwalimu huyo huyo wa hisabati ana twisheni jioni barazani kwake, shilingi 500 kwa siku, watoto kama kumi na tano. Nilimpeleka shingo upande. Siku nilipomfuata nilimkuta mwalimu ameshika muwa wa pingili sita. "Nusu yake ngapi?" Tatu. "Theluthi?" Mbili. "Haya, jumlisha." Mwanangu akanyoosha kidole: "Mbili juu ya tano!" Mwalimu akacheka, akampa muwa ahesabu mwenyewe. Akahesabu, akapiga kelele, "Tano juu ya sita!" Wakaukata, wakautafuna. Hesabu ile ile ya asubuhi.

Kwa hiyo kufundisha anajua. Wala simlaumu sana. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na yeye yuko peke yake mbele ya watoto wote wale.

Mume wangu anasema lipa twisheni, nyamaza. Lakini anayekaa dawati moja na mwanangu analelewa na bibi yake, muuza mchicha. Hiyo 500 ataitoa wapi? Kanuni za viboko za mwaka 2002 nazijua: ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Kukosa hesabu ya sehemu hakumo. Ila nikimwendea mwalimu mkuu na kanuni mkononi, mimi mgeni hapa, naogopa mtoto atafanyiwa visa, na ile baraza ya jioni ndiyo itakuwa basi tena.

Walimu, niambieni kweli: hesabu ya muwa inawezekana mbele ya watoto 112? Kama inawezekana, nianzie kwake mwenyewe, kamati ya shule, au nisimame kwenye kikao cha wazazi? Kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Mama mwenye mashaka,
Morogoro