Semeni kabla nguo haijavaliwa: barua kwa wanangu wa filamu Kigoma

Wanangu waigizaji, waongozaji, wapiga picha, na nyie mnaoshika maiki juu ya vichwa vya watu mpaka mikono inaingia ganzi,

Marahaba kwa shikamoo zenu zote: zile za mlangoni asubuhi mkija kupimwa, na zile mnazonitupia haraka haraka jioni mkirudisha nguo zimejaa mchanga wa Kibirizi. Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu nikimwita mmoja mmoja, kila mtu ataondoka akidhani nilikuwa namsema mwenzake.

Mnanijua. Cherehani yangu iko hapa Mwanga, nimeikalia tangu 1981, na watu wa filamu nilianza kuwashonea 2009. Sijawahi kuongoza hata sini moja. Ila mtu ukishamzungushia futi kifuani hana pa kukimbilia, anaanza kusema. Mwigizaji ananieleza alivyodhulumiwa. Saa moja baadaye anaingia dairekta kuchukua koti la mganga, ananieleza waigizaji wa siku hizi walivyo na maringo. Nimewasikiliza kwa miaka yote hii, na kinachonisumbua ni kwamba mara nyingi nyote mnasema kweli.

Chukueni lile la mwaka 2024. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapumzike wazaliane. Vijana wa Katonga na Kibirizi wakawa wamekaa tu. Kundi moja la filamu likaona hiyo ndiyo nafasi yake: wavuvi wenyewe hasa, mabega ya kuvuta nyavu, sura zilizopigwa jua ambazo hazihitaji kupakwa kitu. Wakachukuliwa kumi na mmoja. Wakashuti Juni, wakashuti Julai, nikaonyeshwa vipande kwenye simu, nikasema hawa watoto kazi wanaijua. Agosti ikaingia mwongozaji bado ana sini tisa, ikiwemo ya harusi, na bila harusi ile hadithi haieleweki. Tarehe 16 anapiga simu, haipatikani hata moja. Watu wako ziwani. Usiku wanawasha taa, mchana wamelala.

Alikuja kwangu akifoka. Wamenisaliti, Mama Fundi. Nikamuuliza, uliwaambia kazi inaisha lini? Akajibu kwamba kila mtu anajua filamu haina tarehe. Baadaye wakaja wawili katika wale vijana kutiwa viraka, nikawauliza na wao. Wakasema walidhani dairekta amepanga kumaliza kabla ziwa halijafunguliwa, maana tarehe ilitangazwa na kila mtu anaijua. Sikieni hapo. Kila upande ulikuwa na "kila mtu anajua" yake mfukoni. Hakuna aliyemwongopea mwenzake, na filamu ikalala. Bi harusi naye akachoka kusubiri, akaenda zake Kasulu. Gauni lake bado limetundikwa nyuma ya mlango wangu.

Kinachonishangaza ni kwamba wavuvi hao hao, kwenye kazi yao, hawaishi hivyo. Chombo hakitoki ufukweni watu hawajui mgawo. Gharama za mafuta zitatolewa kwanza, kitakachobaki mwenye chombo na wavuvi wake watagawana kwa mafungu waliyokubaliana. Wakirudi mikono mitupu, wamerudi mikono mitupu wote, na hakuna anayelala akihisi ameibiwa. Kijana huyo huyo akiingia kwenye filamu anaambiwa "tutaangaliana". Tutaangaliana! Mimi neno hilo nikilisikia huwa naacha kupiga pedeli. Ukimuuliza aliyelisema alimaanisha nini, atakwambia filamu ikishauzwa. Aliyelisikia, alisikia Ijumaa jioni.

Waongozaji, kama huna hela, sema huna. Hapa Kigoma sijaona mtu anayemcheka mwenzake kwa kukosa mtaji. Filamu zetu zinatengenezwa kwa mshahara wa mwalimu mmoja, au faida ya mawese ya shangazi, tunajua. Namkumbuka mzee mmoja aliyeigiza baba mkwe kwa siku nane bila kuomba hata nauli, kwa sababu aliambiwa mapema kwamba hakuna kitu, akakubali mwenyewe. Siku ya tisa akagundua kijana aliyepita tu na baiskeli nyuma yake amepewa shilingi 20,000. Hakurudi. Watu walisema mzee ana tamaa. Mimi nilimpima suruali wiki ile, na ninawaambia hela hata hakuitaja. Alichosema ni, "Kumbe ilikuwepo."

Mnaniambia mikataba ni mambo ya Dar es Salaam. Haya. Sheria yetu ya mikataba haiyakatai mapatano ya mdomo, hilo ni kweli, ila siku ya ugomvi huo mdomo nani ataukumbuka? Ahadi ni deni, msemo huo mnaupenda sana kwenye skripti zenu. Dukani kwa mangi deni linaandikwa kwenye daftari, hata la kiberiti. Chaneni karatasi moja ya kaunta buku muandike mtu ni nani, anaigiza nani, siku ngapi, anapata nini na lini, filamu itapelekwa wapi, na ikija kuuzwa mara ya pili yeye yumo au hayumo. Wekeni sahihi wawili, kila mmoja abaki na nakala. Na wewe mwigizaji jua kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakutambua. Neno hakishiriki limo mle kwa ajili ya watu kama wewe, wanaoigiza kazi ambayo hawakuiandika. Usiogope pia kuuliza kibali cha Bodi ya Filamu kiko wapi, maana sheria ya filamu ya 1976 inakitaka hata kwa anayeshiriki kutengeneza, siyo prodyuza peke yake. Mwongozaji anayenuna kwa kuulizwa kibali, mimi ningerudisha nguo siku hiyo hiyo.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Binti mmoja, sitasema wa kundi gani, alikuja kwangu kuchukua gauni la maua na kanga mbili. Kwenye karatasi zake alikuwa mke anayegombana na mumewe sebuleni. Amefika lokesheni, mwongozaji kapata wazo jipya: wapatane, tena chumbani, kitandani. Akaambiwa hapo hapo, watu kama ishirini wamesimama, taa zimeshawashwa, jenereta inanguruma. Akasita. Akaulizwa, "Wewe si mwigizaji?" Akafanya. Jioni alirudisha nguo, akakaa kwenye benchi la wateja, hakusema neno mpaka adhana ya magharibi. Wiki mbili baadaye kile kipande ndicho kilichowekwa kwenye promo, na kaka zake wakakiona kabla yeye hajakiona. Hajaigiza tena. Alikuwa na kipaji, wanangu. Alikuwa akitembea tu hapa ndani na gauni la mtu mwingine, namuona yule mtu mwingine.

Mwongozaji yule akija kwangu namtengenezea nguo kama kawaida, na nimeshamwambia haya usoni. Anasema hakumlazimisha. Mwanangu, mtu aliyezungukwa na watu ishirini na taa, huwezi kumuuliza jambo la namna hiyo ukasema umemuuliza. Swali linaulizwa jana yake, mkiwa mmekaa, karatasi iko mkononi, na akisema hapana hapotezi nafasi yake. Sini ya kugusana, ya kupigwa, ya kuvuliwa kilemba, ya kuingia majini, zote ziwe zimeandikwa kabla mtu hajaja kupimwa. Mimi mwenyewe nahitaji kujua. Gauni la kugombania na gauni la kulalia hayashonwi sawa. Awepo mwanamke mwingine hapo ndani, hata kama ni mpishi wenu. Na promo aione yeye kwanza, kabla ya mtaa.

Wa chini ya miaka 18 hata karatasi yake haisimami kisheria, kwa hiyo msijidanganye kwamba amesaini. Nendeni kwao. Vueni viatu, kaeni mkekani, mnywe uji mtakaopewa, mumweleze mama yake hadithi yote mpaka mwisho wake.

Nawaona waigizaji mnatikisa vichwa, Mama Fundi kawapa. Ngojeni.

Kuna kijana aliambiwa mhusika anaruka kutoka kwenye mtumbwi. Akaulizwa, unajua kuogelea? Akasema naogelea tangu mtoto, mimi mtu wa Ujiji. Alikuwa anaitaka ile nafasi. Ziwa hili mnalijua, kwa kina linashindwa na Baikal ya Urusi peke yake, na halina subira na mtu muongo. Wavuvi ndio waliomtoa. Alipofika kwangu kubadili nguo alikuwa bado anatetemeka, na mwongozaji naye alikuwa anatetemeka kuliko yeye, maana angesema nini kwa wazazi? Tangu siku ile yule mwongozaji hamuamini mwigizaji yeyote anayejibu haraka. Uongo wa mmoja umewalipisha wengine ambao hawakuwepo.

Na nywele. Jamani, nywele. Sini ya sita mtu ana rasta, anashika kitasa cha mlango. Sini ya saba ameingia ndani, kipara. "Nilikuwa na msiba, Mama Fundi." Pole, lakini simu ulikuwa nayo. Mimi kwa ajili ya mambo haya nina kaunta buku yangu, naandika kila sini nani kavaa nini, kifungo kipi kimefunguliwa, kanga iko bega gani. Walinicheka mwanzo. Mwaka mmoja kikazuka ugomvi, mwigizaji anasema amefanya siku saba, prodyuza anasema nne. Tukafungua buku: shati la bluu siku tatu, kanzu moja, jezi mbili. Sita. Wote wawili walikuwa wamekosea, wakalipana ya sita, wakaondoka wakicheka. Buku lile nililinunua kwa ajili ya vifungo tu.

Kuhusu kuchelewa sitasema sana. Jua letu linazama karibu saa moja ya jioni, wageni wa Dar huwa wanashangaa linavyochelewa, lakini likishagusa milima ya Kongo haliwasubiri. Umeambiwa saa tisa, ukaja saa kumi na moja, umemwachia mwongozaji nusu ya kazi yake akaifanye gizani. Halafu unamlaumu kwamba kwenye filamu huonekani vizuri.

Mambo ya kurusha vipande kwenye status kabla kazi haijatoka, hayo muulizane wenyewe. Mimi simu yangu ni ya tochi.

Nirudi kwenye lile gauni la nyuma ya mlango. Mwezi uliopita walikuja tena wavuvi wale wawili, safari hii kushona mapazia ya nyumba mpya, mambo yao mazuri siku hizi. Nikawauliza, hivi ile filamu mngeweza kuimalizia? Mkubwa akacheka. Akasema mbona mbalamwezi ikiwa kali hatutoki, dagaa hawafuati taa, tunakaa bure siku kadhaa kila mwezi. Hakuna aliyetuuliza. Nikampigia mwongozaji hapo hapo, wao wakiwa wanasikia. Alinyamaza muda, halafu akauliza mbalamwezi inayofuata ni lini. Mtu aliyekulia kando ya ziwa!

Kwa hiyo nimewaita Jumapili baada ya swala ya adhuhuri na baada ya ibada ya pili, hapa kwangu: mwongozaji, wavuvi wote kumi na mmoja, na bi harusi, ambaye nimempata Kasulu kwa simu ya jirani yake. Amekubali kuja kwa masharti mawili, aoneshwe sini zote tisa kwanza, na nauli ya kuja na kurudi ijulikane leo siyo Jumapili. Mwongozaji amemtumia tayari, nimeuona ujumbe. Mihogo na chai nitatoa mimi. Kalamu mje nazo, za kwangu ni chaki.

Bi harusi ameniambia pia, kwa aibu, kwamba amenenepa tangu wakati ule. Nilimjibu asihofu. Niliacha inchi mbili za akiba kila upande wa mshono.

Mama Fundi wenu,
Mwanga, Kigoma