Fuwele haitaki leza kali tu, inataka mawimbi yaende sambamba

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kompyuta za mwanga, zinazotumia mwanga badala ya umeme, inaacha picha kwamba ukishapata leza kali na fuwele, basi mwanga mmoja utaufungulia mwingine njia. Nguvu ni nusu ya kazi.

Hewani, miale miwili hupishana kama haikuonana. Ndani ya fuwele kama lithiamu niobati, mwanga mkali hutikisa elektroni kupita kawaida, na mtikisiko huo huzaa rangi mpya. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Peter Franken na wenzake walipitisha leza ya rubi ya nanomita 694.3 (urefu wa wimbi, unaoamua rangi; nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) kwenye fuwele ya kwatzi wakapata mwanga wa nanomita 347.2. Ulikuwa hafifu kiasi kwamba alama yake iliondolewa kwenye picha iliyochapishwa, ikidhaniwa ni doa. Sababu ya uhafifu huo ni kwamba rangi hizo mbili husafiri kwa kasi tofauti ndani ya kwatzi, hivyo mwanga unaozaliwa hapa hufutwa na unaozaliwa mbele kidogo.

Dawa ni kulinganisha mwendo. Ili kupata kijani kutoka leza ya nanomita 1064, fuwele ya BBO hukatwa kwa pembe ya nyuzi 22.8, ile ya LBO hupashwa moto hadi karibu nyuzijoto 149. Lithiamu niobati hupinduliwa mwelekeo wake wa ndani, mkanda baada ya mkanda, kila mmoja mikromita chache.

Sasa swichi yenyewe, yaani mwanga mmoja kuufungulia au kuufungia mwingine njia. Ishara ya nanomita 1550 ikikutana na mwanga wa 1064 ndani ya fuwele iliyoandaliwa kwa jozi hiyo, hutoka nyekundu ya 631. Weka kichujio kinachopitisha nyekundu hiyo pekee: ukizima 1064, upande wa pili ni giza. Lakini miale yote miwili lazima itetemee mhimili uleule na ikusanyike nukta moja, tena kwa wakati mmoja. Hapa ndipo wengi hukwama. Njia moja ikizidi nyingine kwa milimita 0.3, unene wa karatasi tatu hivi za daftari, mwanga wake huchelewa pikosekunde 1 (sehemu ya trilioni ya sekunde). Mipigo ya mwanga ya femtosekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya pikosekunde, haitakutana kabisa.

Nyekundu ikififia, msikimbilie kuongeza leza. Angalieni kwanza joto la tanuri la fuwele, maana nyuzijoto chache tu zinaharibu ulinganifu wa mwendo. Doa la mwanga unaotoka likianza kurefuka na kuyumba, mwanga wenyewe unaivuruga fuwele. Lithiamu niobati yenye asilimia 5 ya oksidi ya magnesiamu huvumilia zaidi. Vumbi usoni mwa fuwele huungua na kuacha kovu la kudumu. BBO na LBO hunyonya unyevu, zihifadhiwe pakavu.

Makala ijayo itaje pia miwani. Sehemu ya mwanga wa 1064 hubaki hata baada ya kuzaa kijani, haionekani, na miwani inayozuia kijani pekee huiacha ifike jichoni.

Mafundi wa maabara ya leza