Jmosi Mbudya, someni hii kwanza

Wanagrupu mambo vipi, Jumamosi tunaenda kisiwa cha Mbudya, tukutane Kunduchi saa 2 asubuhi, sio mtu anaandika "niko njiani" kumbe bado yuko kitandani, boti haitamsubiri mtu. Kiingilio cha hifadhi ni pembeni, nauli pembeni. Alafu jamani ile ni hifadhi ya bahari toka 1975, yenyewe na visiwa vya Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, na iko pua na mdomo na jiji la Dar ndo maana taka zetu zinaishia kule, juzi nimechomoa chupa ya soda katikati ya matumbawe imeshaota ukoga (na bado lebo inasomeka!). Kila mtu aje na kiroba chake, matumbawe msiyakanyage, makombe na kaa muwaache hukohuko. Mwenye miwani ya kuzamia ya ziada anichek inbox.