Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Helmond, Uholanzi

Mzee wangu wa koti la kijani, asante. Basi la mwisho halikutokea, simu yangu imezima, mvua ya upepo inanichapa nje ya stesheni. Ulifunga begi langu kwenye baiskeli yako, ukaisukuma kwa miguu hadi ng'ambo ya mfereji, ukampigia mwenyeji wangu kwa simu yako, ukasubiri mpaka mlango ukafunguliwa. Chai ukaikataa.

Mji wenyewe, niseme kweli, ni matofali na maghala. Lakini njiani ulinionyesha kiwanda cha vitenge cha Vlisco, kilichoanza 1846. Kumbe vitenge vya harusi vya shangazi zangu kule Bukavu vilichapwa hapa!

Mnaoishi Helmond, mkimwona mgeni kasimama stesheni usiku, msimpite. Na anayemjua mzee huyu amfikishie salamu zangu.