Si kila mkojo unaochoma ni UTI

Assalaam alaykum Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye barua za wasomaji. Mie ni mama wa watoto wanne, nakaa shamba huku Wete, Pemba, si daktari wala si nesi, kazi yangu cherehani, lakini hili jambo la kichocho kudhaniwa UTI limenikaa rohoni tokea mwezi wa Shaaban na nimeona nikilinyamazia litawafika wengine.

Siku hizi kila kitu UTI, yaani maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo. Mtu akiumwa mgongo UTI, homa UTI, tumbo la chini UTI, mke na mume wakigombana utasikia "kaniletea UTI", basi hata maana ya neno imepotea. Na dawa zake tunazijua kwa majina kama tunavyojua majina ya samaki.

Mwanangu wa pili ana miaka 12. Alianza kulalamika mkojo unamchoma na kila saa yuko chooni, mie nikenda duka la dawa nikaeleza, nikaambiwa hiyo UTI, nikapewa septrini, dawa ya kuua bakteria. Akapata nafuu kidogo, ikarudi. Safari ya pili nikapewa sipro, nayo ya bakteria, na Flagyl juu yake, na hakuna alotuomba hata kikopo cha mkojo. Kosa langu na mie lipo, sitaki kujitoa, maana siku ya pili mtoto aliposema kapoa vidonge nikavitia kabatini, na baadae dada yake alipoumwa nikampa yeye vilobakia. Nadhani si mimi peke yangu mwenye kabati ya namna hiyo Pemba.

Ikaja safari ya tatu. Siku hiyo nafua nikaona madoa mekundu kwenye kaptura yake ya skuli. Nikamwita pembeni, kwa tabu sana akasema damu inatoka mwisho wa mkojo, matone tu, na ni muda sasa ila alikuwa anaona haya. Jirani yangu, mtu mzima, akanambia usihangaike huyo keshakuwa mwanamme. Yakhe! Mwanamme gani anabaleghe kwa kukojoa damu?

Nikampeleka kituo cha afya. Swali la kwanza hata halikuwa unaumwa nini, aliulizwa unakoga wapi. Kijana kimya, anaangalia miguu yake. Nikajua. Hapa kwetu chini kuna mto unaopita kwenye bonde la mpunga na watoto wakitoka skuli ndo bahari yao hiyo.

Ilikuwa asubuhi mapema, yule bwana wa maabara akatwambia kaeni kwanza, mkojo wa kutafutia kichocho unachukuliwa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana kwa sababu mayai ndo yanatoka kwa wingi wakati huo, na mtoto akimbie kimbie kidogo kabla, na yale matone ya mwisho khasa ndo yanayotakiwa. Mie siku zote najua kipimo cha mkojo ni ule wa kuamkia, unamwaga wa mwanzo unakinga wa kati. Kumbe hiyo ni ya kutafuta bakteria, na hii ni nyengine.

Akaniita nichungulie kwenye darubini. Niliona kitu mfano wa punje ya mpunga, ncha moja ina mwiba. Akasema hili yai la mnyoo wa kichocho, minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, mayai yanatoboa ukuta wa kibofu kutoka nje ndo maana damu. Na septrini hata umpe gunia zima haigusi mnyoo. Dawa yake ni prazikwanteli, ile wanayopewa watoto skuli wakapimwa urefu kwa fimbo ili ijulikane vidonge vingapi. Nikamuuliza mwanangu, nyie hamkupewa? Akasema alipewa, vilikuwa vichungu akatema nyuma ya darasa.

Alipewa hapo hapo, ashakula, tumbo likamsokota kidogo jioni yake, basi. Na nikaambiwa akirudi mtoni atapata tena, dawa haimkingi na mnyoo wa kesho. Mwenye kichocho akikojoa majini mayai yanapasuka, vijidudu vyake vinaingia kwa konokono wale wadogo wa maji baridi, vinatoka vyengine na kupenya ngozi ya anokoga, hujui hata kama umeingiwa. Na ukikiacha miaka na miaka kibofu kinakuwa kigumu, figo zinaharibika, hata saratani ya kibofu inaweza kuja. Wanawake nao kinawapata sehemu za siri, wakadhaniwa wana maradhi ya zinaa, ndoa zikavunjika kwa konokono.

Sisemi UTI haipo. Ipo, na mie mwenyewe ilinishika na mimba ya huyu wa mwisho, homa, baridi, ubavu unauma mpaka natapika, hiyo ilishapanda kwenye figo na nililazwa. Mjamzito anaweza kuwa nayo bila kusikia chochote ndo maana kliniki wanataka mkojo, tusikwepe. Mara nyingi bakteria wenyewe wanatoka kwenye choo chetu wenyewe kikubwa, njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4 tu, kwa hivo wanafika haraka. Si lazima mume kakuletea wala si choo cha skuli kimekuambukiza, ingawa choo kichafu kinamfanya msichana abane mkojo kutwa na hiyo nayo haisaidii. Kuchamba ni kutoka mbele kwenda nyuma, watoto wa kike tuwafundishe mapema. Sabuni za kunukia ndani huko hapana, na udi jamani ni wa nguo na nyumba. Madafu kunywa, ni maji mazuri, ila hayaui bakteria. Flagyl nayo haiwagusi hawa wa UTI ya kawaida, mie nimenunua mara ngapi! Kama inarudi rudi kila mara, mwambie daktari mkojo uoteshwe ijulikane bakteria gani na dawa gani inamuweza, majibu yanachukua siku mbili tatu lakini bora kuliko kubahatisha mwaka mzima.

Na wazee wetu wa kiume wanaoamka usiku mara nne mara tano, mkojo unakatika katika, nao wanajinunulia sipro. Wakapimwe tezi dume. Wengine wameacha hata kwenda msikitini kwa sababu mkojo unachuruzika, na masheikh washasema mwenye udhuru huo anatia udhu kila sala baada ya wakati kuingia na anasali, kwa nini ajifungie ndani?

Ombi langu Mhariri, andikeni kuhusu kichocho mara kwa mara, si siku ya kugawa vidonge tu. Na wenye maduka ya dawa huku Pemba, mtoto akiletwa mkojo unamchoma muulizeni kwanza anakoga wapi kabla hamjafungua kopo.

Mwanangu alinitajia wenzake wanne anaokoga nao. Nimepita nyumba zote nne. Wawili walipelekwa kupimwa na wote wamekutwa nacho, wa tatu baba yake yuko dago, kambi ya wavuvi, wanamngoja arudi. Wa nne mama yake kanishukuru sana, akanambia wa kwake ni UTI tu, keshamnunulia dawa.

Mama Wanne,
Wete, Pemba