Aksoloti naye huzeeka

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa ukurasa wa watoto aliyesema aksoloti, yule amfibia wa majini mwenye mkia na miguu minne, hazeeki kamwe. Ni kweli mnyama huyu wa Xochimilco, kule Jiji la Mexico, habadiliki umbo kama chura: hubaki majini na matamvua yake nje ya kichwa mpaka kufa. Mguu ukikatika, huota mwingine. Lakini sura ya utoto si utoto. Aksoloti wangu, Kibwana, ana miaka 12, na wengi wanaofugwa huishi miaka 10 hadi 15. Mwanangu alimwacha hapa alipohamia chuoni. Si mnajua tena, mama ndiye ghala la kila kitu.

Uzee wake naushuhudia kila siku. Matamvua yaliyokuwa mekundu na marefu yamefupika, yamepauka. Akimkosa nyungunyungu mara ya kwanza, hahangaiki tena. Mpaka nimsogezee kwa koleo puani. Kajeraha ka kidole kalikokuwa kakipona upesi sasa kanakaa, na ukungu mweupe unakaparamia. Juzijuzi tumbo lilijaa hadi miguu ikawa haikanyagi chini sawasawa. Jirani yangu, mtu wa Tanga, akaniambia, "Uzee huo, shoga, mwache apumzike." Wapi! Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama, akamfyonza maji kwa sindano. Akanieleza kwamba uvimbe wa namna hiyo unaweza kutoka kwenye figo, ini au moyo, na kwamba maji huenda yakajaa tena. Kazi yangu ni kumpunguzia mzigo.

Mzigo wenyewe ni maji anamoishi. Ngozi yake haina magamba, hivyo amonia ya kinyesi chake na klorini ya bomba humdhuru moja kwa moja. Mzee hana nguvu za kuvumilia wiki ya maji machafu. Basi akigoma kula, msisingizie umri kabla hamjapima: amonia iwe sifuri, joto nyuzi 16 hadi 18. Zikipita 24 hata kijana huteseka. Hapa Leipzig wakati wa kiangazi huwa nagandisha chupa za maji na kuziweka zielee tangini zamu kwa zamu, na mume wangu analalamika kwamba friza haina nafasi ya nyama.

Mwandishi wenu akamalizia kwa kuwahimiza wazazi wawanunulie watoto aksoloti, maana wamemzoea kwenye mchezo wa kompyuta wa Minecraft tangu 2021. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, joto la kwetu nalijua. Atakayemfuga Mombasa au Temeke anunue kwanza mashine ya kupoza maji, halafu afikirie umeme ukikatika usiku, na tena miaka kumi baadaye mtoto akiwa keshaenda zake.

Naomba ukurasa huo usahihishwe, na habari ya maji baridi ipigwe kwa herufi kubwa.

Mama Zuhura,
Leipzig, Ujerumani