Watathmini wa maafa washuke kwenye magari

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya upepo ulioezua nyumba huku kwetu Urambo bila shaka unaikumbuka, mliitoa na picha ya darasa lisilo na paa. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, maana mmeandika kwamba tathmini imekamilika. Haijakamilika.

Kwanza, upepo ule haukukipiga kijiji kizima. Ulipita njia nyembamba, toka mbuga ya mpunga hadi nyuma ya shule, huku ukizunguka. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na kesho yake niliifuata njia ile kwa miguu. Miti ya upande huu imelalia kule, ya upande wa pili imelalia huku, na katikati mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa mbelewele yamesokotwa. Upepo wa kawaida wa mvua hulaza kila kitu upande mmoja. Wenzetu Marekani, tangu mtaalamu wa vimbunga Fujita atoe kipimo chake mwaka 1971, kikaboreshwa mwaka 2007, nguvu ya kimbunga cha namna hii wanaisoma kwenye uharibifu wenyewe. Ngazi ya chini kabisa ni kilomita 105 hadi 137 kwa saa: paa linabanduka, matawi yanavunjika, miti yenye mizizi ya juujuu inang'oka. Kwa niliyoyaona, kilichotupiga ni hicho. Lakini huwezi kukijua ukiwa umekaa ndani ya gari.

Na watathmini wetu ndivyo walivyofanya. Walifika watu wakiwa wamekwisha kufagia. Gari likasimama ofisi ya kijiji, likasogea shuleni, likageuza. Orodha ikasomwa, mmoja akaandika. Jirani yangu, mama mjane, jina lake lilikatwa mbele ya macho yangu kwa sababu nyumba yake eti ina paa. Paa gani? Ni nyasi tulizomwezekea sisi majirani ili watoto wasilale mvuani, na turubai la kuanikia mpunga juu yake. Mabati yake yamekunjamana nyuma ya nyumba. Nilimsihi yule kijana ashuke akayaone, akanijibu, "Mzee, tuna vijiji vingine." Na bani lake, banda la kukaushia tumbaku, je? Lilianguka tumbaku ikiwa bado juu ya fito, ikalowa, ikaoza. Fomu yao ina sehemu ya nyumba za kuishi, ya taasisi na ya majeruhi, bani halimo. Mbolea ya tumbaku ile ni ya mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika, na deni liko palepale. Akienda kuomba asogezewe muda ataambiwa alete uthibitisho wa maafa, na uthibitisho wenyewe ni ile orodha aliyokatwa! Huyu mama anaadhibiwa kwa kuwa na majirani wanaojituma.

Halafu kuna haya mabati. Maduka yanatuuzia geji 32, jepesi kama karatasi, na fundi anapiga misumari ya kuhesabu. Bati moja nilikuta limejiviringisha kwenye mwembe, misumari yake ingali na vipande vya papi, zile mbao za kupigilia bati. Hata darasa la kwenye picha yenu, nimekagua juu ya ukuta: hakuna nondo wala waya ulioshika kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Zilikalishwa tu juu ya tofali. Fedha za umma hizo, na watoto wetu wanakaa chini yake.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataja kamati hadi ngazi ya kijiji. Basi kila kamati ipewe futi kamba ya mita 50, dira na daftari gumu, vitunzwe kwa mtendaji. Ndani ya siku mbili waanzie mti wa kwanza ulioanguka, watembee hadi wa mwisho, wakiwa na fundi seremala na afisa ugani. Waandike nyumba, bani, ghala, choo, na kila mti ulilalia wapi. Mtendaji apige picha kwa simu, kisha mwenye nyumba aezeke siku hiyohiyo bila kupoteza haki yake. Orodha ibandikwe ofisi ya kijiji kabla haijapelekwa wilayani, ili aliyeachwa alalamike mapema.

Na nyie mliotangaza kwamba tathmini imekamilika, naomba mwulize wilayani jina la mama huyu litarudishwa lini.

Mwalimu mstaafu,
Urambo, Tabora